Si kila ufa ni wa kuzibwa

Methali isemayo kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta ni miongoni mwa zile ambazo mtoto wa shule huzijua kabla hajajua kuandika jina lake sawasawa. Nimeifundisha, nimeitungia maswali ya mtihani, na nimesahihisha insha zisizohesabika zilizoanza nayo na kuishia nayo. Sikudhani hata siku moja kwamba ningekuja kuitilia shaka. Lakini mwaka jana nilihudhuria mkutano ambamo methali hiyo ilikaribia kutuponza, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiitazama kwa jicho jingine.

Mkutano wenyewe ulikuwa wa halmashauri ya shule moja ya wasichana huko pwani. Nami nimo katika halmashauri hiyo kwa sababu asili yangu ni kijiji cha jirani, na pengine kwa sababu ya udaktari wangu, ambao baadhi ya wenzangu hudhani unatibu kila kitu, ilhali ni wa isimu tu. Shule ina bweni la ghorofa mbili lililojengwa mwaka 1974, mita chache kutoka ufuoni. Nguzo zake zilikuwa zimeanza kufanya nyufa ndefu zilizosimama wima, na kando ya nyufa hizo yalichuruzika madoa ya rangi ya kahawia. Usiku mmoja kipande cha zege chenye ukubwa wa sahani kilianguka kutoka darini, kikatua juu ya kitanda. Mungu si Athumani, mwenye kitanda alikuwa amepewa ruhusa kwenda nyumbani.

Mwalimu mkuu alikuja mkutanoni na bei ya fundi mkononi. Nyufa zingezibwa, plasta ingepigwa na rangi ingepakwa, yote kabla ya siku ya kutoa zawadi. "Wahenga walisema," akahitimisha, na sote tukaimalizia methali kwa sauti moja kama watoto wa darasa la tatu. Aliyekataa kuitikia alikuwa mwalimu wa kemia, binti aliyekuwa na miaka michache tu kazini, aliyealikwa kwa ajili ya jambo jingine kabisa. Aliomba radhi kwa kuingilia mazungumzo ya wakubwa zake, kisha akauliza swali moja: je, tunajua ufa huo umetoka wapi?

Hatukujua. Ikaamuliwa, kwa shingo upande, kwamba aitwe mhandisi.

Kabla sijaendelea, mpenzi msomaji, na tuelewane kuhusu maneno. Wengi wetu hapa Kenya huita saruji kila kitu kigumu cha kijivu. Saruji, kwa hakika, ni ule unga uuzwao kwa mifuko. Ukichanganywa na mchanga, kokoto na maji hupatikana zege, ambalo mafundi wetu wengi huliita konkriti. Zege likilazwa ndani yake pau za chuma, yaani nondo, ndipo tunapata kile kinachobeba maghorofa, madaraja na matangi ya maji. Neno saruji lenyewe ni kongwe kuliko unga huo. Waajemi na Waarabu wa Omani walikuwa na sarooj, mchanganyiko wa chokaa na udongo uliochomwa, ambao walijengea mifereji ya maji na ngome karne nyingi kabla ya Mwingereza Joseph Aspdin kupata hataza ya saruji ya Portland mwaka 1824. Kitu kipya kilipokuja, kilirithi jina la zamani.

Sababu ya kulifungisha zege ndoa na chuma si ngumu kuielewa. Zege huvumilia sana likishindiliwa, lakini likivutwa au kupindwa hukatika upesi. Chuma nacho huvumilia kuvutwa. Mtunza bustani mmoja Mfaransa, Joseph Monier, alipata hataza ya ndoa hiyo mwaka 1867 alipokuwa akitafuta namna ya kutengeneza vyungu vya maua visivyovunjika ovyo. Kutoka vyungu vya maua tumefika kwenye majumba yatobowayo mawingu. Hata hivyo, chuma kina adui wa jadi, nayo ni kutu. Na zege lina maji na hewa ndani yake, vitu viwili ambavyo kutu huvihitaji. Kwa nini basi nondo zisianze kuliwa tangu siku ya kwanza? Jibu limo katika pH.

Kipimo cha pH kilibuniwa mwaka 1909 na mwanakemia wa Denmaki, Søren Sørensen, alipokuwa akifanya kazi katika maabara ya Carlsberg, watengenezaji wa bia wa mjini Copenhagen. Kwa matumizi ya kawaida kipimo hicho huanzia 0 na kuishia 14. Maji safi yako katikati, kwenye 7. Ndimu na siki ziko chini yake, upande wa asidi, ambayo wazee wetu waliiita tindikali. Sabuni, magadi na maji ya majivu yako juu yake, upande wa alkali. Hata hili neno alkali si geni kwetu kama lionekanavyo. Ni la Kiarabu, na asili yake ni majivu ya mimea fulani yaliyotumiwa kutengenezea sabuni na vioo. Lilizunguka Ulaya nzima, likaturudia limevaa suti.

Zege lililomwagwa vizuri lina pH ya 12.5 hadi 13 na ushei. Ni alkali kali kweli kweli, na ndiyo maana fundi anayekanyaga zege bichi bila viatu huchubuka miguu. Ukali huohuo ndio ulinzi wa nondo. Ndani ya alkali ya namna hiyo chuma hujivika utando mwembamba mno, mwembamba kuliko unywele wa binadamu mara maelfu, na utando huo huzuia kutu isianze. Nondo iliyolala katika zege zima hukaa miaka na miaka iking'aa kama ilivyotoka dukani.

Lakini hewa tunayoivuta ina gesi ya kaboni dioksidi. Kabla ya enzi ya viwanda, katika kila chembe 1,000,000 za hewa zilikuwamo kama 280 za gesi hiyo. Leo zimepita 420. Gesi hupenya polepole katika vitundu vya zege, huyeyuka katika unyevu uliomo, kisha hukutana na chokaa iliyozaliwa na saruji. Kutokana na makutano hayo hupatikana kalsiamu kabonati, kitu kile kile kilichomo katika matumbawe na maganda ya kombe. Zege haliwi laini kwa sababu hiyo. Aghalabu huzidi hata kuwa gumu. Ila pH yake huporomoka hadi chini ya 9. Na tukumbuke kwamba kila hatua moja ya pH ni sawa na mara 10. Kutoka 13 hadi 9 ni hatua 4, maana yake ile alkali iliyokuwa ikiilinda nondo imepungua mara 10,000, na hakuna jicho lililoona lolote.

pH ikishuka chini ya 11, utando wa nondo huingia mashakani. Ikifika 9 umekwisha. Kuanzia hapo maji na hewa hufanya kazi yao. Kutu nayo haikai mahali pa chuma ilichokila: hujaza nafasi mara 2 hadi 6 ya chuma hicho. Basi huvimba, husukuma, na zege, ambalo tumekwisha kusema kuwa halivumilii kuvutwa, hupasuka kwa kuufuata urefu wa nondo. Hivi ndivyo ulivyozaliwa ufa wa bweni letu. Haukuanzia nje ukaingia ndani. Ulianzia ndani ukatoka nje. Kuupiga plasta ni sawa na kumpaka poda mgonjwa wa homa ya manjano.

Mhandisi alifika siku ya Jumamosi. Katika mkoba wake alikuwa na nyundo, patasi, brashi, rula na chupa ndogo ya kunyunyizia maji, kama ile ya kinyozi. Mwalimu wa kemia aliomba wanafunzi wake wasimame kwa mbali watazame, na nadhani hilo ndilo lililokuwa somo bora kuliko yote ya muhula ule. Mhandisi alichagua nguzo ya ukumbini, isiyonyeshewa mvua. Alivunja pembe yake mpaka nondo ikaonekana, akaifuta vumbi ile sehemu mbichi iliyovunjika, kisha akainyunyizia kioevu kisicho na rangi.

Kioevu hicho ni fenolifthalini, ambayo wanafunzi wa kemia huijua kutoka kwenye chupa na mirija ya maabara. Ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1871 na Mjerumani Adolf von Baeyer. Tabia yake ni moja tu, nayo yatosha. Ikikutana na alkali ya pH ya karibu 10 na zaidi, hugeuka waridi iliyokolea; ikikutana na kitu cha pH ya 8 au chini yake, hubaki kama maji. Kwa hiyo zege lililo hai huona haya, na lililokufa haliona. Mhandisi aliweka rula. Kutoka usoni mwa nguzo hadi kina cha milimita 32 hapakuwa na rangi yoyote. Kutoka hapo kwenda ndani ndipo ilipoanza waridi. Nondo ilikuwa kwenye milimita 20. Hata wale wasichana waliosimama mbali waliweza kufanya hesabu hiyo. Nondo ilikuwa imelala katika sehemu iliyokwisha kupoteza ulinzi wake, na ilikuwa imevaa gamba nene la kutu.

Tukaenda kwenye nguzo ya upande wa bahari, ile inayopigwa na mvua na upepo. Mhandisi alivunja, akafuta, akanyunyizia. Waridi ikatokea karibu kila mahali, kutoka ndani mpaka milimita chache tu kabla ya uso wa nguzo. "Alhamdulillahi," akasema mwalimu mkuu, na wengi wetu tukavuta pumzi. Ilikuwa sawa na ilivyotarajiwa, kwani zege lililolowa maji huzuia gesi isipenye upesi, ilhali lile lililo kavu kiasi, kama la ukumbini, huiachia njia. Ila mhandisi hakucheka. Aliitazama nondo ya nguzo ile kwa muda, akaandika kitu katika daftari lake, akafunga mkoba.

Ripoti yake ilikuja baada ya majuma mawili, kurasa 11 za Kiingereza safi cha kihandisi. Katibu aliisoma kwa sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilitazama nyuso za wenzangu. Palikuwa na wafanyabiashara wawili, mchungaji mmoja, imamu mmoja, mama mmoja mwenye duka la vitambaa, walimu, na mzee mmoja aliyekuwa mvuvi, ambaye mjukuu wake alilala katika bweni lile. Wote walikuwa wakitikisa vichwa kwa adabu ile tuitumiayo tunaposomewa jambo tusilolielewa na tusilotaka kukiri kuwa hatulielewi. Ripoti ilipokwisha, tuliamua upesi kwamba nguzo za ukumbini zikarabatiwe na zile za upande wa bahari zipakwe rangi, maana zilikuwa zimegeuka waridi.

Tulipokuwa tukitoka, yule mzee alinishika mkono. "Daktari," akaniambia, "wewe si ndiye mwenye lugha? Tuandikie maneno yale kwa Kiswahili. Mjukuu wangu analala mle."

Niliona haya. Kwa miaka mingi nimesimama katika makongamano nikitetea kwamba Kiswahili kina uwezo wa kubeba sayansi, na hapa palikuwa na kurasa 11 ambazo sikuwa nimefikiri kuzitafsiri. Usiku ule niliketi nazo. Nami nakiri kwamba ni katika kuzitafsiri ndipo nilipozielewa kwa mara ya kwanza, kwani mtu anaweza kulisoma neno la Kiingereza na kulipita, lakini hawezi kulitafutia neno la Kiswahili bila ya kujua lina maana gani. Katika ukurasa wa tisa nilikuta sentensi moja iliyotupita sote mkutanoni. Mhandisi alikuwa ameandika kwamba waridi ya nguzo za upande wa bahari haithibitishi usalama wake, na akapendekeza zege hilo lipimwe kloridi.

Nilisita juu ya neno kloridi. Ni istilahi halali, na wanafunzi wa sekondari huitumia. Lakini nilimkumbuka yule mzee, nikaandika chumvi, maana kloridi aliyoiogopa mhandisi ni ile iliyomo katika chumvi ya bahari. Sijui kama katika maisha yangu ya kazi nimewahi kuchagua neno lililokuwa na uzito zaidi.

Katika mkutano uliofuata nilianza kusoma tafsiri yangu. Nilipofika mahali paelezapo waridi ya nguzo za upande wa bahari, kabla sijafika kwenye sentensi ile, mzee aliinua mkono.

"Mwanangu," akasema, "hiyo dawa ya kugeuka rangi, yatambua chumvi?"

Nikamjibu kwamba haitambui. Inatambua alkali peke yake.

"Basi bado haijatwambia kitu. Mchanga wa jengo hili tuliuchota ufuoni. Mimi nilikuwa kijana wa miaka 18, nikilipwa kwa debe. Hakuna aliyeuosha kwa maji matamu. Sisi wenye vyombo twajua: msumari wa chuma katika maji ya chumvi hauna umri."

Chumba kizima kilinyamaza. Jambo hilo halikuwamo katika faili yoyote ya shule, wala katika ramani, wala katika kurasa 11 za ripoti. Lilikuwamo katika kichwa cha mtu aliyekuwa ameketi nasi katika mikutano yote, na lilitoka siku ile aliposomewa kwa lugha yake.

Chumvi haihitaji kuishusha pH. Hupenya mpaka kwenye nondo na kuutoboa ule utando hata pH ikiwa bado ni 13, tena huutoboa hapa na pale, ikachimba vishimo virefu katika chuma. Nondo yaweza kupoteza sehemu kubwa ya unene wake mahali pamoja ilhali nje pameonekana doa dogo tu. Fauka ya hayo, sehemu ya chumvi ambayo saruji ilikuwa imeifunga hufunguliwa pale gesi ya kaboni dioksidi inapoingia, kwa hiyo maradhi haya mawili husaidiana. Wahandisi huanza kuwa na wasiwasi kloridi inapofika kiasi cha asilimia 0.4 ya uzito wa saruji. Unga wa zege uliotobolewa kutoka nguzo zetu, kwa vina mbalimbali, ulipelekwa maabarani. Majibu yalipokuja, kiasi kilikuwa kimepita kiwango hicho katika nguzo zote zilizopimwa, za ukumbini na za upande wa bahari.

Wasichana walihamishwa juma lile lile wakalala katika ukumbi wa chakula. Miti ya kuegemeza iliwekwa chini ya dari. Siku ya kutoa zawadi ilifanyika chini ya miembe, na mwalimu mkuu, ambaye namheshimu kwa hilo, aliwaeleza wazazi sababu bila kuficha. Hadi ninapoandika makala haya bweni lingali limefungwa, na fedha za kulijenga upya au kulikarabati zingali zikitafutwa. Haikuwa hadithi ya ushindi. Ila watoto hawalali mle.

Nimerejea kwenye methali yangu mara nyingi tangu wakati huo. Kosa si lake. Tazameni nyumba za mawe za Lamu, au kuta zilizobaki katika magofu ya Gedi. Zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba vyake ni vyembamba, maana upana wake ulifuata urefu wa boriti. Chokaa ya nyumba hizo hugandamana na kuwa jiwe kwa kuivuta gesi ileile ya kaboni dioksidi kutoka hewani. Kile kiletacho mauti kwa nondo ndicho kiletacho uzima kwa chokaa. Tena hazikutegemea nondo za chuma ndani ya kuta. Katika nyumba ya namna hiyo ufa ni adui atokaye nje: huingiza mvua, na ukizibwa mapema kwa chokaa nyingine, ukuta umepona. Methali inasema kweli katika nyumba hiyo. Sisi ndio tuliohama, tukahamia katika nyumba zenye mifupa ya chuma, tukaichukua methali bila kuitazama upya. Humu ndani, methali inayotufaa zaidi ni ile isemayo kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Wala jambo hili si la shule moja. Tarehe 14 Agosti 2018, daraja la Morandi mjini Genoa, Italia, lililofunguliwa mwaka 1967, liliporomoka na kuua watu 43. Nyaya za chuma zilizofungiwa ndani ya zege lake zilikuwa zimeliwa mahali ambapo hapakuweza kuonekana kwa macho. Hapa kwetu tumeyazoea maporomoko ya namna nyingine. Jengo la ghorofa sita lililoanguka Huruma, Nairobi, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, likaua watu wapatao 50, halikuwa limezeeka kwa kutu. Lilikuwa jengo jipya, na chupa ya fenolifthalini isingeliokoa. Nalisema hili ili mtu asije akadhani kwamba nimegundua dawa ya kila maradhi. Kupima pH ni swali moja tu kati ya maswali tunayopaswa kuyauliza majengo yetu, na faida yake ni kwamba bei yake ni ndogo na jibu lake huonekana papo hapo.

Kuna hesabu moja ambayo ningependa kila mwanafunzi aielewe, kwa sababu inahusu fundi anayejenga leo. Gesi haipenyi kwenye zege kwa mwendo usiobadilika. Kina chake hufuata kipeuo cha pili cha muda. Ikiwa imefika milimita 10 katika miaka 10, itafika milimita 20 katika miaka 40, na milimita 30 katika miaka 90. Kwa hiyo mwenye kuifunika nondo kwa milimita 30 badala ya 15 hakuiongezea maisha mara mbili, ameiongezea mara nne. Na fundi anayeacha kuweka vile vijiwe vidogo vya saruji chini ya nondo, ikalala karibu na mbao za kumwagia zege, huwa ameokoa shilingi chache na kuiba miongo ya miaka. Vivyo hivyo anayezidisha maji ili zege lichanganyike kwa urahisi, au asiyelimwagia maji katika siku zile za kwanza likomae. Ameacha vitundu vingi, na vitundu ndivyo milango ya gesi na chumvi.

Walimu wa kemia na fizikia, nawasihi mlitoe somo hili kitabuni. Wanafunzi watengeneze vibao vidogo vya saruji na mchanga. Kimoja kilowekwe majini kwa siku 7, kingine kiachwe kikauke juani siku ileile kilipotolewa katika kiunzi. Baada ya miezi kadhaa vivunjwe, vinyunyiziwe, vipimwe kwa rula, na matokeo yaandikwe. Wenye mita ya pH wanaweza kusaga unga wa zege na kuukoroga katika maji yaliyotoneshwa, ila watahadhari: chokaa iliyofichika katika chembe huyeyuka na kuipandisha pH, hivyo jibu laweza kuwa la juu kuliko hali halisi iliyomo ndani ya vitundu. Hata mpaka wa waridi si mpaka kamili wa usalama, kwani pH inaweza kuwa imeshuka tayari kabla ya rangi kutoweka. Macho yakingwe kwa miwani, mikono kwa glavu, na mtu asionje chochote. Fauka ya yote, mwanafunzi asivunje nguzo ya jengo lolote. Hiyo ni kazi ya mhandisi.

Nanyi walimu wenzangu wa Kiswahili, msidhani kwamba mmesalimika kwa kuwa mtihani wenu hauna mirija wala chupa. Mna kazi yenu. Kila ripoti inayoandikwa juu ya dari linalofunika watoto wetu haina budi kusomeka kwa lugha ya mzazi wa mtoto yule, kwa maneno aliyonayo, ili naye aongeze alichonacho. Mhandisi alijua kwamba chumvi yaweza kuwamo. Mvuvi alijua kwamba imo. Walikaa chini ya paa moja kwa majuma kadhaa bila kuambiana, na kati yao palikuwa na kurasa 11.

Mjukuu wa mzee yule yuko kidato cha nne sasa. Nilipomwona mara ya mwisho aliniambia kwamba katika insha yake ya Kiswahili alipewa methali ya ufa na ukuta, naye akaandika kisa cha mtu aliyeziba ufa upesi mno. Mwalimu wake alimpunguzia alama kwa kutoka nje ya mada. Nimemshauri akate rufani.